Viazi vya Ol Kalou na chipsi za Nairobi: jibu kwa mama mkulima

SWALI: Daktari, mimi ni mkulima wa viazi huku Ol Kalou. Januari 2022 nilisikia redioni kwamba migahawa ya KFC imeishiwa na chipsi kwa sababu meli imechelewa kuzileta kutoka nje, na wakati huohuo mimi nina magunia stoo yanaota macho. Sijasahau mpaka leo. Sasa binti yangu yuko chuoni Nairobi, na kila jioni naona kwenye simu ni chipsi na kuku. Akija nyumbani, mukimo wangu wa viazi na mahindi anaula kwa kunihurumia tu. Nataka kujua hiki chakula cha haraka kimetoka wapi mpaka kikatufikia, kinatufanya nini, na kama kuna mlango wa viazi vyangu kuingia humo, au nisahau.

JIBU: Asante Mama kwa swali hili, na pole kwa magunia yale. Nitaanza na la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokuuma zaidi. Viazi vyako vimeshaingia. Lori linalotoka kwenu usiku linashusha mzigo soko la Marikiti alfajiri, na ikifika saa tano asubuhi kile kiazi chenu cha aina ya Shangi kimemenywa, kimekatwa na kiko kwenye karai mahali fulani Githurai, Kayole au Rongai. Chipsi za kibanda kilicho karibu na hosteli ya binti yako zinatoka kwenye mashamba kama lako. Migahawa yenye nembo za kimataifa ni michache mno ukiilinganisha na vibanda hivyo. Kwa hiyo zile picha unazotumiwa kwenye simu huenda ni za viazi ulivyovipanda kwa mikono yako, vimeteremka mjini na kukurudia vimekaangwa.

Lakini najua unaulizia mlango ule mwingine, wa kioo na kiyoyozi. Kuuelewa inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1948, mjini San Bernardino, California, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifunga mgahawa wao kwa miezi kadhaa ingawa ulikuwa unawaletea faida nzuri. Walipoufungua tena walikuwa wameachisha kazi wahudumu, wameondoa sahani, visu na uma, na orodha ndefu ya vyakula wameikata mpaka vitu 9. Baga iliuzwa senti 15. Mpishi hakuwepo tena. Mtu mmoja aligeuza nyama, mwingine akapaka haradali, mwingine akafunga karatasi, kama wafanyakazi wanaounganisha magari kiwandani. Ray Kroc, aliyekuwa akiwauzia mashine za kuchanganya vinywaji vya maziwa, aliona kwamba utaratibu ule una thamani kuliko baga yenyewe. Alifungua tawi lake la kwanza Des Plaines, Illinois, mwaka 1955, na mwaka 1961 akawalipa ndugu wale dola milioni 2.7 na kubaki na jina lao. Tangu hapo biashara ikawa kukodisha jina pamoja na masharti: nyama unene huu, mafuta joto hili, dakika ngapi, sekunde ngapi.

Kiazi kilikuwa kikaidi. Mwanzoni kila mgahawa ulimenya viazi vyake, na wewe unajua kiazi hakifanani na ndugu yake. Cha msimu wa mvua si cha kiangazi, kilichokaa stoo si cha jana. Rangi ya chipsi ilibadilika kila wiki, na kwa biashara inayouza mfanano hilo ni balaa. Katika miaka ya 1960 Kroc alikubaliana na J. R. Simplot, mfanyabiashara wa viazi wa Idaho, chipsi zikatwe na kugandishwa kiwandani kisha zisambazwe kwa matawi yote. Kiazi huoshwa, humenywa kwa mvuke, hukatwa, huchovywa kwenye maji moto, hukaushwa, hukaangwa nusu, halafu hugandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kijana wa mgahawani hakuti kiazi. Anakuta mfuko wa barafu, anaufungua na kubonyeza kitufe.

Mimi naona mlango wako ulifungwa siku ile, Mama, miongo kadhaa kabla KFC haijafungua tawi lake la kwanza Nairobi mwaka 2011. Anayenunua chipsi zilizogandishwa anahitaji kiwanda kikubwa, umeme usiokatika, malori na maghala ya barafu, na aina za viazi zinazolingana. Misri ina viwanda hivyo. Tena Misri na Kenya zote ziko kwenye eneo la biashara huria la COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa hiyo kontena la chipsi kutoka kule huingia Mombasa bila ushuru wa forodha. Meli zilipovurugika wakati wa korona, kontena zikachelewa, na mkuu wa KFC Afrika Mashariki akaeleza kwamba kila muuzaji lazima apite kwenye uchunguzi wa ubora wa kimataifa, na kwamba hawawezi kuuruka hata wakiishiwa. Wakenya walikasirika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nchi ambayo kiazi ndicho zao lake kuu la chakula baada ya mahindi, inaambiwa isubiri meli! Siku chache baadaye kampuni ikatangaza kwamba itatafuta viazi vya humu nchini.

Hasira zangu, hata hivyo, zilikuwa na doa, kwa sababu nimewahi kusimama upande wa pili wa lango. Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kusindika viazi, na kazi yangu ilikuwa kupima sampuli. Asubuhi moja lilikuja lori limejaa, viazi vikubwa, visafi, mkulima mwenyewe amekaa mbele na dereva. Tukachukua viazi vichache, tukakata, tukakaanga. Vilitoka kahawia kama mti wa mwaloni. Tatizo lilikuwa sukari. Vilikuwa vimekaa mahali penye baridi kali kwa wiki kadhaa, na kiazi kikipata baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, nayo sukari huungua kwenye mafuta moto. Isitoshe, sukari hiyo ikikutana na joto la kukaangia huzalisha akrilamaidi, kemikali ambayo wanasayansi wa Sweden waliigundua kwenye vyakula mwaka 2002 na ambayo inatiliwa shaka kusababisha saratani. Nilimwambia yule mzee kwamba hatuchukui. Aliniuliza, "Kwani vimeoza?" Nikamwambia havijaoza. Akauliza tena, "Basi vina nini?" Sikuwa na jibu ambalo lingemsaidia, maana hakuna mtu aliyekuwa amemweleza kitu chochote kabla ya kupakia. Lori likageuza. Ninapoandika majibu kama haya ninamwandikia yeye pia.

Je, lango linaweza kufunguliwa? Limefunguliwa kwingine, na hapa nataka tukae kidogo.

McDonald's ilipofungua mgahawa Moscow, kwenye uwanja wa Pushkin, tarehe 31 Januari 1990, watu zaidi ya 30,000 walihudumiwa siku ya kwanza. Wengi wanaukumbuka mstari ule mrefu kwenye theluji. Wachache wanakumbuka kwamba kampuni ilikuwa imejenga kiwanda kizima pembeni ya jiji, cha nyama, maziwa, mikate na viazi, na kuleta mbegu za viazi na mabwana shamba kutoka nje. Haikuwa sadaka. Ruble, sarafu ya Kisovieti, haikubadilishika kuwa dola, kwa hiyo kuagiza kila kitu kutoka nje kwa pesa zilizopatikana mle ndani kusingewezekana. Wakalazimika kulima. Hata hivyo chipsi ndizo zilizosumbua kuliko vyote, na ziliendelea kuagizwa kutoka nje kwa miaka mingi. Kampuni ilipoondoka Urusi mwaka 2022, mrithi wake, Vkusno i tochka, mwezi Julai mwaka huohuo akatangaza kwamba chipsi zimeadimika kwa kukosa aina zinazofaa za viazi. Urusi, Mama, nchi ya viazi kuliko sisi! Kwa hiyo aibu ya Nairobi ya Januari 2022 iliikuta Moscow kabla ya mwaka kwisha.

India ilichukua njia nyingine. McDonald's iliingia 1996, na miaka ya mwanzo chipsi zilitoka ng'ambo. Kampuni ya Kanada ya McCain ikakaa na wakulima wa Gujarat msimu baada ya msimu, ikijaribu mbegu na umwagiliaji wa matone, mpaka ikajenga kiwanda Mehsana. Leo Gujarat inajulikana kwa viazi vya chipsi. Huo ndio mfano ninaoutumia kila nikikutana na maafisa wa kaunti, na huwaambia kwamba ulichukua karibu miaka kumi.

Ila nitakueleza na upande wake wa giza kabla hujasaini karatasi yoyote. Mwaka 2019, Gujarat hiyohiyo, kampuni ya Marekani ya PepsiCo iliwashtaki wakulima kwa kupanda aina ya kiazi ambayo kampuni ilikuwa imeisajili kwa ajili ya krispi. Kwa wanne kati yao ilidai zaidi ya rupia milioni 10 kila mmoja. Umma ulipopiga kelele, kampuni ikaondoa kesi. Fikiria lakini mkulima wa ekari chache anapoletewa hati ya mahakama kwa sababu ya mbegu iliyo ardhini kwake. Mlango wa kioo ukikufungukia, soma kilichoandikwa juu yake: mbegu ni ya nani, bei inawekwa lini, mzigo ukikataliwa nani anabeba hasara.

Sasa binti yako.

Usimwone msaliti wa mukimo. Jiulize analala wapi na anapikia wapi. Hosteli nyingi za Nairobi hazina jiko, mtungi wa gesi umepanda bei, vipindi vinaisha jioni, na mtu wa miaka ishirini akitoka darasani ana njaa wakati huo, hana njaa ya baada ya saa mbili za kuchemsha maharagwe. Chakula cha haraka kimeenea duniani kwa kufuata maisha ya namna hiyo: watu wametoka kwenye nyumba zenye moto na mtu wa kuukalia, wakaingia mijini ambako kila saa ina bei. Na mtu huyo aliyeukalia moto alikuwa nani? Alikuwa wewe, na mama yako, na nyanya yako. Nasema hivi kwa heshima, kwa sababu wanaosifu mapishi ya zamani mara nyingi ni wanaume ambao hawakuwahi kutwanga mukimo hata siku moja.

Tena kuna kitu ambacho watafiti walikiona Hong Kong na Beijing, migahawa hii ilipoanza kuenea kule. Wanafunzi walikaa humo saa nyingi wakifanya kazi zao za shule, wanawake waliona ni mahali wanapoweza kuketi peke yao bila kusumbuliwa, na watoto walifanyiwa humo sherehe za kuzaliwa. Vyoo safi tu vilikuwa sababu ya kutosha. Watu walinunua meza na mwanga pamoja na chakula. Nairobi ni hivyohivyo. Kijana anayekaa chumba kimoja na wenzake watatu hana pa kukutana na rafiki, na soda moja na chipsi vinamnunulia saa nzima ya kiti.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba kiti chenyewe kinapotea. Siku hizi pikipiki inaleta mfuko mpaka mlangoni, na chakula kinaliwa kitandani na macho yako kwenye simu. Brazil ilipotoa mwongozo wake wa lishe mwaka 2014, pamoja na kuwaambia watu wapike na waepuke vyakula vya viwandani, iliandika pia kwamba wale kwa utulivu, mahali panapofaa, na pamoja na wenzao. Wengine walishangaa serikali kuzungumzia habari za kula pamoja. Mimi sikushangaa. Kwetu mtoto alijifunza kumpisha mkubwa, kumwachia mgeni na kutomaliza nyama kabla ya wengine kwa sababu sinia lilikuwa moja.

Kuhusu afya nitakuambia ninachokiamini. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichukua watu 20, wakawapa wiki mbili chakula kilichosindikwa sana na wiki mbili chakula cha kawaida cha kupikwa. Milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu akaruhusiwa kula mpaka atosheke. Kwenye chakula kilichosindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Hawakuwa walafi. Chakula chenyewe ni laini, kinaliwa upesi, na tumbo linachelewa kusema basi. Nyumbani, utafiti wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100, wenye umri wa miaka 20 hadi 49, wana uzito uliozidi au unene. Siwezi kuweka hesabu hiyo yote kwenye chipsi, maana sukari ya chai, soda na maisha ya kukaa vimo pia, lakini ingekuwa uongo kusema chipsi hazimo.

Chipsi za kibanda, kwa mizani ya utafiti ule, si mbaya kama jina lao. Kiazi ni kibichi, kimekatwa leo, hakuna orodha ya kemikali. Shida iko kwenye mafuta. Mwenye kibanda ana faida ndogo na mafuta ni ghali, kwa hiyo anayarudia mpaka yanakuwa meusi na mazito. Kuna wakati kampuni ya umeme ililalamika kwamba mafuta ya transfoma yanaibwa, na ikaripotiwa kwamba mengine yanaishia kwenye karai za chipsi kwa kuwa hayaishi upesi. Hilo si la kufumbia macho. Mwambie binti yako aangalie mambo mawili kabla ya kuagiza: mafuta yakitoa povu jingi na moshi wa kuwasha macho, apite, na kama kuna kachumbari na maji, achukue hivyo mahali pa soda na soseji. Akiweza kupata jiko la kushirikiana na wenzake, mpelekee maharagwe au githeri uliyokwisha kuchemsha. Kazi ndefu ni kuchemsha. Kukaangia kitunguu na nyanya kunachukua muda uleule wa kusubiri chipsi dirishani.

Narudi shambani kwako. Aina mnayopanda wengi, Shangi, imekuokoa kwa sababu inakomaa upesi na kuiva upesi, lakini ina kasoro mbili kwa soko la chipsi. Macho yake yamezama, kwa hiyo kumenya kunapoteza nyama nyingi, na hailali: wiki chache tu stoo inachipua. Ndiyo maana wakati ule ulikuwa huna nguvu ya kumsubiri mnunuzi, na dalali alijua huna. Jaribu robo ekari ya Unica au Markies kwa mbegu zilizothibitishwa. Ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Tigoni au shirika la kilimo la ADC Molo, usichukue mbegu ya jirani hata kama inang'aa, kwa sababu mnyauko wa bakteria na minyoo ya mizizi iliyoripotiwa huko kwenu mwaka 2015 husafiri kwenye mbegu na udongo wake. Markies inalala muda mrefu, na hiyo pekee inakupa wiki kadhaa za kusema "hapana" bei ikiwa ya dharau.

Na usimkimbilie kwanza mwenye mlango wa kioo. Wanaomenya na kukata viazi kwa ajili ya vibanda na hoteli za mjini wanaongezeka, na wanatafuta mtu wa kuwaletea viazi vya saizi moja, aina moja, kila wiki bila kukosa. Mkiwa kumi kwenye ushirika mnaweza. Uzeni kwa gunia la kilo 50 kama kanuni zinavyosema, mkatae lile lililoongezwa shingo la wavu, kwa sababu gunia lile linawanyang'anya sehemu ya mavuno kabla bei haijatajwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho yule mzee wa lori angekijua asingepoteza nauli. Changanya kikombe 1 cha chumvi na vikombe 11 vya maji kwenye ndoo, koroga mpaka iyeyuke. Tia kiazi. Kikizama kina wanga wa kutosha na kitatoa chipsi kavu. Kikielea kina maji mengi, kiuze cha kupikia mchuzi. Halafu kata viwili vilivyozama, vikaange, tazama rangi. Ikiwa ya dhahabu, andika tarehe, andika viliwekwa wapi na kwa muda gani. Fanya hivyo binti yako akiwa likizoni, yeye ndiye aonje, maana amekula chipsi nyingi kuliko mimi na wewe. Kisha niandikie mlichokiona, na mtaje na aina mliyopima.